Kabla ya Kuinua Vitz, Itazame Datsun 240Z

Kazi inayoombwa sana katika gereji za Kaloleni, hii ya kwetu Voi na si ile ya Kilifi, ni kuinua gari dogo. Mwenye Vitz au Demio amechoka kusikia tumbo la gari likikwaruza mawe kwenye njia ya Sagalla, au amepasua sampu akitoka shambani, na ombi lake huwa fupi: "Fundi, nataka iende juu kidogo." Fundi hukata spesa, hufungua nati tatu za juu ya shokabzoba, na kabla ya magharibi gari limepanda. Mwenyewe huondoka ameridhika. Miezi michache baadaye anarudi na tairi lililolika upande mmoja na sauti ya "ka-ka-ka" kila akikata kona.

Ningependa kuichambua kazi hiyo kwa kuliweka gari dogo la leo kando ya gari la michezo la zamani lililokutana na tatizo hilohilo katika nchi hiihii. Gari hilo ni Datsun 240Z, mshindi wa East African Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Katika picha za zamani inaonekana ndefu ya boneti, fupi ya nyuma na karibu na ardhi, gari ambalo mtu angelitazamia kwenye lami ya California. Na kweli liliuzwa zaidi huko, kwa bei ya dola 3,526 lilipoingia Marekani. Lakini lilishinda mashindano yaliyovunja magari kuliko mengine yote ya wakati wake, na halikushinda kwa kunyanyuliwa juu. Lilishinda kwa sababu kila kiungo kinachopokea pigo la barabara kiliimarishwa kwanza.

Tuanze na uzito, kwa sababu hapo watu wengi hukosea. Vitz ya injini ya lita moja ina uzito wa karibu kilo 1,000. Datsun 240Z ya kawaida ilikuwa na kilo 1,040 hivi. Tofauti yake ni mfuko mmoja wa simenti usiojaa. Yote mawili huvaa rimu za inchi 14. Yote mawili yana breki za diski mbele na za ngoma nyuma. Na magurudumu ya mbele ya yote mawili yamening'inizwa kwa mtindo wa MacPherson, yaani springi na shokabzoba vimeunganishwa kuwa nguzo moja iliyofungwa juu kwenye bodi na chini kwenye mkono wa gurudumu. Kwa hiyo kulinganisha huku si kwa mzaha. Yakiwekwa juu ya jeki, magari haya yanafanana kuliko yanavyofanana yakiwa barabarani.

Yanapotengana ni kwenye injini. Datsun ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na nguvu za farasi 151 kwa kipimo cha Marekani cha wakati huo, ambacho kilipima injini ikiwa imevuliwa mizigo yake mingi. Vitz ina silinda 3, ujazo wa 996, na nguvu za farasi 70 hivi. Ukigawa kwa lita, injini ndogo ndiyo inayokamua zaidi: farasi 70 kwa kila lita, dhidi ya 63 za Datsun zilizohesabiwa kwa kipimo chenye ukarimu. Hata hivyo mguu wa dereva hauhesabu kwa lita. Datsun hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 9 hivi, na Vitz huchukua zaidi ya 14. Anayetoka Voi kwenda Mombasa na kukuta msururu wa malori pale Maungu anajua vizuri uzito wa sekunde hizo tano.

Hesabu hugeuka gari linapoanza kupanda. Voi iko chini kidogo ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300. Ukitoka Mwatate ukazikata zile kona kali za kupandia milimani, hewa inapungua uzito kwa takriban asilimia moja kila mita mia. Datsun hutumia kabureta mbili za Hitachi zilizofuata muundo wa SU wa Uingereza. Ndani yake mna pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa injini, ikiwa na sindano inayofungua tundu la petroli zaidi au kidogo. Ni kifaa cha akili sana, lakini hakijui kupima uzito wa hewa. Kinajua kasi ya hewa tu. Kwa hiyo kadiri gari linavyopanda, petroli inazidi hewa, plagi zinaanza kuwa nyeusi na nguvu inapungua maradufu: mara moja kwa hewa kuwa nyepesi, na mara ya pili kwa mchanganyiko kuharibika. Safari ya zamani iliteremka mpaka pwani na kupanda nyanda za juu katika mashindano hayohayo, kwa hiyo fundi wa kabureta alilazimika kuchagua sindano isiyofaa kabisa popote ili isishindwe kabisa mahali popote.

Vitz haina shida hiyo. Kompyuta yake inajua kiasi cha hewa kilichoingia, na sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi inairudishia habari ya kilichoungua. Masahihisho hufanyika mara nyingi kila sekunde, na dereva hana habari. Inapoteza nguvu mlimani kwa sababu hewa ni nyepesi, lakini haipotezi tena kwa sababu ya pili.

Joto la Voi nalo ni mtihani wake. Katika injini ya Datsun, kabureta na bomba la kutolea moshi viko upande mmoja wa kichwa cha injini, kabureta ikiwa juu ya bomba. Gari likikimbia, upepo unasaidia. Likisimama mchana wa Februari kwa muda wa kikombe cha chai, joto la bomba linapanda na petroli inachemka ndani ya bakuli la kabureta. Ukiwasha, injini inakohoa na kukataa. Wenye 240Z wanaulalamikia ugonjwa huu mpaka leo. Petroli ya Vitz husukumwa na pampu iliyozama ndani ya tangi, kwa shinikizo la karibu mara tatu ya hewa ya kawaida, na petroli iliyo chini ya shinikizo haichemki kwa urahisi. Kwa matumizi, Vitz hutosheka na lita 5 hadi 6 kwa kilomita 100 za lami, na Datsun hutaka karibu maradufu ya hizo. Kwa yote haya, anayeitamani injini ya kale kwa kazi ya kila siku hapa kwetu anatamani taabu. Ninaipenda sauti ya silinda 6 zikivuta pamoja, lakini sauti haimpeleki mgonjwa hospitali ya Moi hapa Voi saa nane za usiku.

Usalama sitaujadili sana, kwa sababu hauna ubishi. Bodi ya gari dogo la leo imebuniwa ijikunje mbele na ibaki nzima pale walipokaa watu, na mifuko ya hewa ipo. Datsun ina mikanda na bahati. Ila ABS ina jambo moja ambalo mwenye Vitz wa vijijini anapaswa kulijua. Kwenye lami, hasa iliyolowa, inaokoa maisha. Kwenye kokoto zilizolegea inaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu gurudumu lililojifunga hukusanya kokoto mbele yake zikawa kizuizi, na ABS hairuhusu gurudumu lijifunge. Punguza mwendo mapema kwenye marram, kuliko ulivyozoea.

Sasa tufike chini ya gari, ambako ndiko uchambuzi huu unakoelekea.

Nissan, kampuni iliyotengeneza Datsun, haikuamka siku moja ikashinda Safari. Iliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1963, na mwaka huo ulikuwa wa balaa: magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Yale ya Nissan hayakuwamo. Walirudi mwaka baada ya mwaka, wakibeba nyumbani vyuma vilivyovunjika ili kuona vilivunjikia wapi. Ushindi wa jumla ulipatikana 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiwa katika Datsun 1600 SSS, gari la kawaida la milango minne. Mwaka uliofuata Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, alipewa 240Z nyekundu ya boneti nyeusi, nambari 11, akashinda tena. Wa pili walikuwa Shekhar Mehta wa Uganda na Mike Doughty, katika 240Z pia. Mwaka 1973 Mehta alishinda akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström na kuamuliwa kwa kigezo cha nani alikaa mbali zaidi bila kupoteza pointi. Gari la Herrmann limehifadhiwa na Nissan huko Zama, Japani.

Jambo la kutazama katika miaka hiyo ni mpangilio wa kazi. Gari la kiwanda lililoandaliwa kwa Safari lilianzia kwenye bodi: maungio ya mabati, ambayo kiwandani hushikwa kwa vidoa vya welding vilivyoachana, yaliongezewa welding ili bodi isijinyonge. Sababu yake ni ya kiufundi kabisa. Bodi ikijinyonga, yenyewe inakuwa springi, na springi isiyo na shokabzoba haina wa kuituliza. Baada ya bodi zikafuata sehemu za bodi zinazoshika nguzo za magurudumu, kisha springi na shokabzoba nzito zaidi, kisha bamba la kukinga injini chini. Urefu kutoka ardhini ulikuja kama matokeo ya springi na matairi, haukuwa lengo la kwanza.

Kwa nini shokabzoba zilipewa heshima hiyo? Kwa sababu ya joto. Chukua barabara ya marram iliyojikunja kama bati la paa, na tuseme mkunjo mmoja uko sentimita 70 kutoka kwa mwenziwe. Ukienda kilomita 60 kwa saa, gurudumu linapanda na kushuka karibu mara 24 kila sekunde. Springi haimalizi nguvu hiyo, inaihifadhi na kuirudisha. Anayeimaliza ni shokabzoba, kwa kulazimisha oili ipite kwenye vitundu vidogo, na nguvu yote inageuka joto. Oili ikipata joto inakuwa nyepesi, ikichanganyika na hewa inatoa povu, na povu halizuii kitu. Hapo ndipo dereva anapohisi gari linaelea, usukani umekuwa mwepesi, na kona inayofuata haikamatiki. Shokabzoba ya mashindano ina oili nyingi zaidi, fimbo nene zaidi na mara nyingi gesi yenye shinikizo ya kuzuia povu. Shokabzoba ya Vitz ni nyembamba, imetengenezwa kwa mitaa ya Nagoya, na ile iliyokuja na gari la mtumba tayari imeshafanya kazi miaka saba au minane kabla ya kushushwa bandarini Mombasa.

Kwa hiyo Vitz nyingi zinazokwaruza tumbo haziko chini kwa sababu ya muundo. Ziko chini kwa sababu zimechoka. Springi zimelala, bushi za mikono zimepasuka, na shokabzoba haizuii gari lisizame hadi mwisho kila linapokutana na shimo. Kipimo cha Japani cha milimita 140 hivi kutoka ardhini kinahesabiwa gari likiwa jipya na tupu. Mpe kila abiria kilo 70, weka watu watano na gunia la mahindi nyuma, na milimita hizo zimepungua kabla hujafika Mwatate.

Hapo ndipo spesa inapoletwa, na spesa ni za namna mbili ambazo hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni mpira unaosokomezwa katikati ya mizunguko ya springi. Hii naipinga bila kusita. Mzunguko uliobanwa na mpira haufanyi kazi tena, kwa hiyo springi inabaki na mizunguko michache, inakuwa ngumu, na mzigo wote unabebwa na chuma kifupi kuliko kilichokusudiwa. Springi nyingi hukatikia palepale mpira ulipokaa. Tena gari likipandishwa hivyo, fimbo ya shokabzoba imetoka nje zaidi hata gari likiwa limesimama. Gurudumu likiingia shimoni halina nafasi ya kushuka, fimbo inagonga mwisho wake, na unasikia kishindo. Dereva anadhani ameinua gari. Ukweli ni kwamba amelipunguzia mwendo wa gurudumu, ambao ndio uliokuwa ukimwokoa.

Ya pili ni bamba linalokaa juu ya nguzo, kati yake na bodi. Hii ina mantiki. Springi na shokabzoba zinabaki katika nafasi yake ya kawaida, mwendo wa gurudumu haupungui, na bodi kweli inapanda. Gharama yake iko kwingine. Mkono wa chini, uliokuwa karibu kulala sawa na ardhi, sasa umeinama. Fimbo ya usukani imeinama nayo, na magurudumu yanabadili mwelekeo yakitazamana au kuachana. Usipopeleka gari kwenye alaimenti siku hiyohiyo, tairi litalika ukingo mmoja. Taa nazo zinatazama juu, zinamtia upofu dereva wa lori anayetoka Mtito Andei.

Na hapa Datsun inatuonyesha tofauti kubwa. Datsun inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ya mbele yanakata kona na kubeba, basi. Ukiiinua mbele, hakuna shafti inayoumia. Magurudumu ya mbele ya Vitz yanavuta gari, yanalielekeza na kubeba sehemu kubwa ya uzito, na kila moja linazungushwa na shafti yenye jointi mbili za CV. Jointi hizo zimebuniwa kwa pembe maalumu. Ukiongeza spesa ya milimita 40, gurudumu linaponing'inia shimoni linashuka milimita 40 zaidi ya pale mtengenezaji alipokusudia, na jointi inazunguka ikiwa imekunjwa kupita kiasi. Raba inayoifunika, iliyojaa grisi, inajikunja na kujisugua. Ikichanika, grisi inarushwa nje na vumbi jekundu la Voi linaingia ndani. Vumbi letu ni laini na lina mchanga. Likichanganyika na grisi linakuwa dawa ya kusaga chuma. Ile "ka-ka-ka" ya kona ndiyo hiyo.

Kwa anayeniuliza pesa ianze wapi, jibu langu linafuata mpangilio wa Nissan. Bushi na shokabzoba mpya kwanza, na springi mpya kama za zamani zimelala. Wengi wakifika hapa hukuta gari limepanda lenyewe kwa kiasi cha kuwatosha. Baada ya hapo tazama matairi. Vitz ya lita moja huja na 165/70R14. Ukiweka 175/70R14, unapata milimita 7 kutoka ardhini, na kipimo cha mwendo kinakosea kwa asilimia 2.4 tu. Ukiweka 165/80R14 unapata milimita 16 na nusu, ila kipimo kikisema 80 wewe uko kwenye 84 na zaidi, injini ndogo inavuta kwa uzito zaidi, na lazima uhakikishe tairi halisugui usukani ukikatwa hadi mwisho. Faida ya tairi ni kwamba linainua kila kitu pamoja, hata mkono wa chini, ambao spesa haiuinui, na haligusi pembe ya jointi hata kidogo.

Halafu sampu gadi. Mafundi wetu wanaijua kazi ya bati nene, na wengine wanaifanya vizuri sana. Angalia mambo mawili tu. Ifungwe kwenye fremu ndogo inayobeba injini, isifungwe kwenye kile kibati chembamba cha chini ya rejeta, kwa sababu jiwe likiipiga gadi, pigo litakwenda kwenye rejeta. Na iachiwe matundu, hewa ipite na oili ya kubadilisha ipate njia ya kutokea.

Zile zenye gia ya CVT zina ombi lao. Zinataka oili yake maalumu, na oili ya gia ya otomatiki ya kawaida inaziua taratibu. Ukiteremka kutoka Wundanyi, weka kwenye B kama gari lako linayo, injini isaidie kuzuia. Datsun ingeteremka hapo kwa gia ya pili, kwa sababu hiyohiyo: breki za diski mbele na ngoma nyuma zilikuwa na kikomo mwaka 1971 na zina kikomo leo.

Ikiwa baada ya yote hayo bado unahitaji spesa ya juu, kwa mfano unaishi ndani ya Kasigau na mvua za Novemba zinakata njia, basi iwe nyembamba, na usilipe kabla ya kulijaribu gari. Mwombe fundi alinyanyue kwa jeki mpaka magurudumu ya mbele yaning'inie kabisa, injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa huru. Kata usukani hadi mwisho, zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, na mwangaza wa simu uelekezwe kwenye raba ya jointi ya ndani. Ikigusana na bodi, ikijikunja mpaka mikunjo yake inasuguana, au gurudumu likakwama kidogo mahali fulani kisha likaachia, spesa hiyo ni nene mno kwa gari hilo. Itolewe palepale, kabla gari halijashushwa.